Sweta Ndani ya Tangi

Fundi redio alitoka bafuni na mswaki mdomoni, akachungulia tangi lake la samaki pale sebuleni, na mswaki ukamdondoka. Kile kisanduku cha plastiki alichokining'iniza ndani ya maji kilikuwa kitupu.

"Shemeji! Nani kamtoa jike wangu?"

Dada wa mkewe alikuwa kochini anafuma sweta, wala hakuinua macho. "Mimi. Mja mzito umemfungia kama mwizi wa kuku! Nimemwachia akanyooshe mapezi na wenzake."

"Anazaa leo! Samaki hawa, gapi, hawatagi mayai, wanazaa watoto wazima, na mtoto akitoka tu, kwa wenzake ni kitafunwa. Hata mama mwenyewe anakula!"

Sindano zikasimama.

Mwaka na nusu Fundi alikuwa akichagua majike na madume, akitenga, akisubiri, mpaka akampata dume mmoja mwenye mkia wa buluu tupu, mpana kama sketi ya dansi. Juzi dume huyo akaruka nje ya tangi kama mtu aliyekumbuka miadi, akakaukia chini ya meza. Uzao wake wote uliobaki ulikuwa tumboni mwa jike yule.

Jike alikuwa kajibanza pembeni. Kipunje kikamtoka, kikajikunjua, kikapiga mkia mara moja. Dume mwenye madoa ya njano akakimeza.

"Mrudishe kisandukuni!" Shemeji akaruka.

"Nikimgusa sasa uchungu utakatika, afe na watoto tumboni. Na nikianza kuwakimbiza hao wengine thelathini kwa wavu, ni yale yale. Watoto wanataka pa kujificha."

"Majani yako wapi?"

Majani Fundi aliyang'oa mwenyewe wiki iliyopita, eti yanamziba asione mikia. Tangi lilikuwa tupu kama sahani iliyorambwa.

Kipunje cha pili. Njano akawahi.

Macho ya Fundi yakatua kwenye sweta la kijani.

"Usiniangalie hivyo."

"Uzi huo unachuja rangi?"

"Nimeufua mara mbili."

"Kwa sabuni?"

"Maji matupu. Lakini Shemeji, hili la mjukuu wangu! Miezi miwili! Umebaki mkono mmoja!"

Cha tatu nacho kikaenda. Shemeji akafumba macho, akachomoa sindano, akavuta. "Dada yangu aliolewa na kichaa," alisema, sweta likifumuka trrr mapajani mwake, "na leo kaniambukiza."

Wakauzamisha uzi taratibu, fungu zima lililojisokota kama nywele. Cha nne kikaanguka, kikapotelea humo. Njano akaingiza mdomo, akapata uzi, akautema.

"Huyo! Kula sufi, mlafi we!" Shemeji akashangilia.

Jike alipokwisha kuzaa, amebaki mwembamba kama kisu, Fundi akamtoa. Wakapiga magoti, pua kiooni.

"Siwaoni," Shemeji alinong'ona. "Wameliwa."

"Tulia."

Macho mawili yakachungulia kati ya nyuzi. Kisha mengine. Wakawachota mmoja mmoja kwa kikombe. Saba.

"Wa buluu wangapi?"

"Rangi haitoki mpaka baada ya wiki kadhaa. Wanaweza wakawa majike watupu, na jike hana mkia wa rangi."

"Yaani nimefumua sweta kwa ajili ya labda?"

"Ndiyo, Shemeji."

Akasonya msonyo mrefu, akavuta kiti mpaka mbele ya kikombe. "Basi sogea huko, unanizibia."