Ngome ya Wabaya Wagonjwa

Kwa siku mbili Boke alisoma kitabu cha katuni alichochora mwanawe Mseti, kidole kikifuata maneno. Mseti alikichorea hospitali, kule wanakofungiwa waliofanya uhalifu kwa ugonjwa wa akili. Ndani ya kitabu kulikuwa na ngome kubwa ambamo mashujaa wapaao angani walileta wabaya wao: mmoja akitema moto, mwingine akiita nzige. Mbaya wa chumba cha mwisho hakuwa na nguvu za ajabu. Alikuwa na panga tu, na uso wa Mseti.

Siku ya tatu akakibeba kwa Kisyeri, upande wa pili wa kijiji cha Mbalibali. Miaka sita nyuma, ugonjwa ulipompanda, Mseti alimuua rafiki yake Nchagwa, mtoto wa Kisyeri. Sasa daktari alisema anaweza kurudi. Lakini wazee walisema hatakanyaga kijijini mpaka nyumba hizo mbili zipatane kwa kula ugali kwenye sahani moja.

Kisyeri alimpa kiti chenye mgongo, yeye akakalia kigoda. Mkewe, Neema, akaleta uji, kikombe cha Boke akakiweka mbali na vyao, taratibu, kama anayeomba radhi.

"Mama Mseti, jua lote hili? Magoti umeazima?" Kisyeri akatania.

"Ya kuazima hayaumi hivi, baba."

Kisyeri akafunua kitabu. Kwa yule wa nzige akacheka. "Huyu shemeji yangu kabisa, akija ghala linaisha!" Alipofika mwisho akarudia mwanzo, ukurasa kwa ukurasa.

"Mwanangu yuko wapi?"

Boke akasogea kutazama ukurasa.

"Wabaya wapo, mashujaa wapo. Hata mpishi amechorwa na sufuria yake. Nchagwa hayumo."

"Labda mkono ulimshinda."

"Hata wangu ungeshindwa. Lakini siwezi kula na mtu ambaye kwake mwanangu hakuwahi kuwepo."

Neema akajifunika uso kwa kanga. Kisyeri akafuta vumbi kwenye jalada kwa mkono wa shati, akamrudishia Boke kitabu. Akamsindikiza hadi kijitoni, akamshika mkono kuvuka. Hakusema karibu tena.

Nyumbani Boke alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Akaandika kwa herufi kubwa:

"Mwanangu, bado hujaruhusiwa. Mchore Nchagwa. Mchore akiwa hai. Kama sura imekutoka, niulize mimi. Alikuwa akila kwangu."