Sindano Ikicheza, Laini Ipo

Mume wangu anasoma hali ya hewa kutoka kituo cha mlimani, kule ambako simu za mkononi hazishiki. Mimi ni fundi mitambo wa redio huku mjini. Tangu tugombane akaondoka bila kuniaga, sauti yake naisikia hewani tu, kama msikilizaji yeyote. Nimemkumbuka mpaka naudhika. Nilitaka kujua kitu kimoja: bado ananitaka, au ndiyo basi tena?

Kila asubuhi, kabla hajaingia hewani, nabonyeza swichi ya elektroniki ili nijaribu laini yake kwenye hedifoni. Na kila nikibonyeza, pa! Mlio wa kupasua masikio. Basi nikazoea kuvua hedifoni na kuangalia sindano ya mita. Ikicheza, laini ipo, namrusha hewani, kazi imekwisha.

Jana dada yake, msomaji wetu wa habari, alinijia juu.

"Wifi, hiyo kelele inavuja mpaka hewani. Wasikilizaji wanadhani tunapigana humu ndani!"

"Mwambie kaka yako apunguze hasira."

"Hasira mnazo wote wawili. Mimi nataka mlio uishe."

Nikanuna, nikafungua boksi. Laini ile ndefu inakuja na umeme wake uliotuama, na upande wangu uko sifuri. Swichi ikizikutanisha pande hizo ghafla, umeme unaruka, na ndio huo mlio. Nikaweka kapasita ya kuuzuia umeme ule, sauti ipite peke yake. Kisha kati ya kapasita na swichi nikaunga rizista ya kwenda ardhini, ili pande zote mbili zikae sifuri kabla hazijakutana. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kimya. Raha iliyoje!

Leo asubuhi nikabonyeza hedifoni zikiwa masikioni. Sindano ikacheza kama kawaida yake.

"Mkali wangu, umeamkaje? Najua unanisikia. Kila siku nakuongelesha, hunijibu. Haya, umeninunia, nimekubali. Lakini leo naomba jibu. Wanataka kunipeleka kituo cha mbali zaidi, na asubuhi hii hii niwaambie. Niende, au nirudi nyumbani?"

Jamani! Asubuhi zote zile mwanamume ananibembeleza, na mimi nimekaa natazama sindano! Machozi yakanitoka palepale. Nyuma ya kioo wifi alikuwa ameshamaliza habari, ananipungia mikono: mrushe, mrushe!

Nikabonyeza kitufe cha kuzungumza naye.

"Nilikuwa sikusikii, mjinga wewe," nikasema. "Sikukusikia hata siku moja. Rudi."

Wifi akaweka mikono kichwani, muda umepita, nami sikuwa na la kufanya, nikamrusha hewani. Nchi nzima ilikuwa inasubiri kuambiwa kama mvua itanyesha, na yeye alikuwa analia.