Simu ya Mzee Omosa

Janeffer alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani ya chai kwa sababu ya simu. Mwenyekiti aliyemtangulia alikuwa mtu wa kunong'ona. Simu yake ikilia wakati wa kupima chai, aliinuka, akazunguka nyuma ya kibanda na kuongea huku ameziba mdomo kwa kiganja, na aliporudi hakuna aliyejua kama lori linakuja au haliji, wala kama mbolea imefika au wamegawiwa wengine. Wakulima walimchoka. Siku ya uchaguzi Janeffer alisimama mbele yao, akainua simu yake juu na kusema, "Hii yangu haitakuwa na siri. Ikilia, mtasikia wote."

Na kweli walisikia. Aliiweka kwenye meza ya karani, kando ya mizani, spika imefunguliwa mpaka mwisho. Akipiga kiwandani kuulizia lori, wakulima walimsikia afisa wa huko akijikanyaga kwa maneno, wakacheka na kumpigia Janeffer makofi. Alipopelekwa Kericho mjini kwa mafunzo ya viongozi wa wakulima, aliisimulia habari hiyo darasani, na mwalimu akaandika neno UWAZI ubaoni, akalipigia mstari. Janeffer aliupiga picha ubao ule. Aliporudi nyumbani, huku juu ya Roret, picha hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye WhatsApp yake, mahali pa uso wake.

Mume wake, Aron, hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni moja, akiwa anakamua, alimuuliza bila kugeuka, "Hao wanaokupigia, huwa unawaambia wako kwa spika?"

"Mtu wa ukweli anaogopa nini?" Janeffer alimjibu.

Aron aliendelea kukamua.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu, na lori lilikuwa limechelewa tena. Majani yaliyoshindiliwa maguniani yalikuwa yameanza kupata joto; ukitia mkono ndani ulihisi kama unashika uji. Watu walinung'unika. Walijua majani yakiungua kiwanda kitayakataa, na jasho la siku nzima limekwenda bure. Janeffer aliwatuliza. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mkutano kiwandani kuhusu malori hayo hayo, na makamu wake, mzee Omosa, aliyekuwa nyumbani akipona operesheni ya ngiri, ndiye angeenda kuwasemea.

Hakuna aliyekuwa na shaka na Omosa. Alitoka upande wa Nyamira akiwa kijana, akachuna chai kwenye mashamba makubwa ya kampuni, akaweka akiba mpaka akanunua ekari yake moja hapo kijijini, na akakaa. Alikuwa na sauti nzito na hakujua kumwogopa mtu mwenye tai. Tena wakati wengine walipokuwa wakisema mwanamke hawezi kuongoza kituo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama upande wa Janeffer, ingawa yeye mwenyewe, kwa kuwa ametoka kwingine, alikuwa na sababu ya kukaa kimya.

Simu ikalia, jina lake likatokea. Janeffer akabonyeza, na watu wakasogea.

"Mama, habari ya mchana?"

"Nzuri, mzee wangu. Tuko tayari kwa kesho?"

"Hiyo kesho ndiyo nilikuwa nataka tuongee. Sitaweza kwenda."

Mnong'ono ulipita kati ya wakulima. Janeffer aliziona nyuso zao zikimgeukia, akaipandisha sauti yake, ile sauti ya mkutanoni.

"Mzee, watu wote hawa wamekutegemea. Huwezi kuwaacha hivi hivi. Sababu ni gani?"

Omosa akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Uko peke yako, mama?"

Kidole cha Janeffer kilikuwa karibu kabisa na alama ya spika. Angeigusa tu. Lakini watu walikuwa wanangoja kuona atamjibu vipi mtu anayetaka kuwaangusha, na yeye pia alikuwa anangoja kujiona.

"Ongea tu, mzee. Hakuna shida."

Omosa akaongea.

"Ile operesheni yangu, mimi nilisema ni ngiri. Si ngiri. Ni tezi, ile ya wanaume. Nimewekwa mpira wa mkojo, na mfuko wake naufunga hapa pajani. Na bado unavuja, mama. Jumapili nimelowesha kiti kanisani, Yunia akanifunika na leso yake. Sasa nikae mbele ya wakubwa wa kiwanda masaa yote hayo nikinuka? Siwezi. Tafuta mtu mwingine. Lakini usiwaambie ni nini."

Kabla Janeffer hajapata neno, kijana mmoja aliyekuwa ameegemea magunia alicheka. Hakukusudia labda, kicheko kilimtoka kama chafya. Mwingine akamfuata.

"Nani huyo?" Omosa akauliza. "Kuna watu hapo?"

"Hapana, mzee," Janeffer akasema. "Ni redio."

Akainyakua simu na kuzima spika, akaibana sikioni, akasema pole, akasema apumzike, mambo ya kesho asijali. Alipoishusha, hakuna aliyekuwa akicheka tena. Walikuwa wamemsikia Omosa, na walikuwa wamemsikia Janeffer pia. Chepkemboi, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, aliinama akajifanya anafunga mdomo wa gunia lililokuwa limeshafungwa.

Lori likafika. Karani akaita majina, magunia yakapanda mizani, na Janeffer akaomba lile lori lijae haraka liondoke.

Jioni alimsimulia Aron, lakini aliiruka ile sehemu ya redio. Kisha akakaa chini ya taa na simu yake, akaanza kuandika ujumbe. Aliandika kwamba kumetokea changamoto ya mawasiliano. Aliandika kwamba kama kiongozi anachukua jukumu, na kwamba kituo kinathamini mchango wa kila mwanachama. Akampa Aron asome. Aron aliusoma mpaka mwisho, akarudisha simu.

"Hapa sioni mtu," alisema. "Nenda kwake."

"Kesho nitaenda."

Akaufuta ule ujumbe. Hakuwa ameweka simu chini ilipotetemeka mkononi. Ilikuwa ni Omosa. *Asante mama kwa kunisikiliza. Hata ndugu yangu sijamwambia. Mungu akubariki.*

Janeffer alikuwa na nafasi ya kumwambia papo hapo, neno moja tu, na lingetoka kwake kabla halijatoka kwingine. Alitafuta neno hilo kwa muda mrefu. Mwishowe akamtumia ile picha ya mikono miwili iliyokutanishwa kwa sala.

Kesho yake hakwenda. Mkutanoni alikwenda yeye mwenyewe badala ya Omosa, akaahidiwa lori la uhakika, na aliporudi alijiambia amechoka. Siku iliyofuata ng'ombe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na sababu kila siku, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Chini ya hizo sababu kulikuwa na tumaini asilotaka kulitazama: kwamba watu watanyamaza, kwamba mzee atapona, na jambo lote litapita bila yeye kufungua mdomo.

Watu hawakunyamaza. Hawakusema kwa ubaya sana, walisema tu. Kufikia wiki iliyofuata, vijana wa bodaboda pale njia panda walikuwa wameshampa mzee jina. Walimwita Mpira.

Siku hizo majani ya Omosa yaliletwa na mke wake, Yunia, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka, aliyebeba gunia lake mgongoni kwa mkanda wa kichwani na hakumruhusu mtu amshushie. Alikuwa kwenye foleni, karibu kabisa na mizani, wakati kijana yule yule aliyecheka alipomwambia, kwa utani, "Mama Nyabuto, msalimie mzee. Mwambie achunge mpira usichomoke."

Yunia alisimama kidogo, kama mtu anayefanya hesabu kichwani. Kisha akageuka, akamtafuta Janeffer kwa macho mpaka akampata kando ya meza.

"Mama," akasema, taratibu, bila hasira yoyote iliyoonekana, "redio ya hapa kwenu inashika stesheni gani?"

Karani aliacha kuandika. Yunia akaliinua gunia lake, halijapimwa, akaupitisha mkanda kichwani, akaondoka nalo kwenye manyunyu. Hakuna aliyethubutu kumwita. Chai hiyo hakuna aliyejua aliipeleka wapi.

Siku hiyo Janeffer hakungoja lori. Alimwachia karani kila kitu, akashuka na kijia katikati ya mashamba, matawi ya chai yakimlowesha sketi mpaka magotini. Njiani alitayarisha maneno. Alipofika uani kwa Omosa hayakuwepo tena.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, blanketi limefunika miguu yake. Alikuwa amekonda. Yunia alitokea mlangoni, akamtazama mgeni, akarudi ndani.

"Karibu, madam," Omosa akasema. Siku zote alimwita mama.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ile siku simu ilikuwa kwa spika. Ni mazoea tu, unajua vile mimi..."

"Spika naijua," Omosa akamkata. "Nilikuwa hapo siku uliyoinua simu juu, na nilipiga makofi. Kama ingekuwa ni spika tu, ningekusamehe siku ile ile. Mtu anasahau. Lakini mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Omosa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi lisilomfurahisha. Kuku alipita kati yao.

"Na kabla ya hapo ulinisukuma," akasema. "Niliposema siwezi, ungeweza kusema sawa mzee, tutaongea. Ukanisukuma niseme sababu. Ulikuwa unataka nini?"

Janeffer alikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Aliyapitisha kichwani moja baada ya jingine na kila moja lilikuwa na harufu ya ule ujumbe alioufuta.

"Nilitaka waone vile naongoza," akasema.

Ulikuwa ukweli, na ulipotoka nje ulikuwa mdogo na mbaya kuliko alivyofikiria. Machozi yakaanza kumtoka.

"Usilie hapa," Omosa akamwambia, bila ukali. "Yunia atasikia, itabidi atoke aje akunyamazishe wewe, na amechoka." Akangoja mpaka Janeffer akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Unajua, hapa nimeitwa majina mengi. Kuna miaka watu walinijia mpaka kwa mlango wakiniambia nirudi kwetu. Yote niliyazoea, kwa sababu hakuna moja lililotoka kwa mdomo wangu. Hili nimelitoa mimi mwenyewe. Nimelitoa nikiwa nimekuamini. Sasa nalirudisha vipi?"

Hakuwa anauliza ili ajibiwe. Janeffer aliketi kwenye ukingo wa baraza kwa muda, hajakaribishwa chai, kisha akaaga. Mzee aliitikia salamu yake. Hakusema amemsamehe, na Janeffer hakuthubutu kumuuliza.

Jumatatu yake, kabla ya kupima, aliwaita wakulima. Simu yake alikuwa ameiacha nyumbani. Aliwaambia yale waliyoyajua tayari: kwamba mzee alimuuliza akamdanganya, mbele yao wote, na kwamba jina lile la njia panda limetoka kwenye meza yake. Akasema anaacha uenyekiti.

"Aah, madam, hiyo ni simu tu!" mtu alipaza sauti.

"Wewe ndiye umetuletea lori!" mwingine akasema, na baadhi wakapiga makofi, makofi yale yale ya siku zote. Janeffer alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekuja tayari kulaumiwa, kumbe wanampongeza.

Ni Chepkemboi peke yake aliyesema lililohitaji kusemwa. "Usituachie kazi na ukimbie," alisema. "Na sisi tulikuwa hapa. Tuliona spika iko wazi na hakuna aliyekohoa amwonye mzee." Watu walitazama viatu vyao. Kijana yule aliyecheka alijipenyeza nyuma ya kibanda na hakuonekana mpaka lori lilipofika.

Janeffer akabaki mpaka muhula wake uishe. Picha ya ubao aliiondoa. Simu ikilia, kitu cha kwanza anachomwambia aliyepiga ni yuko wapi na yuko na nani, na mtu akitaka faragha anainuka, anaingia katikati ya chai. Wako waliosema ameanza kuwa kama mwenyekiti wa zamani. Hakuwabishia.

Omosa mpira wake ulitolewa kabla ya Krismasi, na alianza tena kuleta majani mwenyewe, akitembea polepole, Yunia nyuma yake. Jina lile lilififia, ingawa halikufa. Anamsalimia Janeffer kila mara, kwa heshima, kwa ile sauti yake nzito. Anamwambia kwamba mvua ya mawe imepiga upande wa chini, kwamba mbolea safari hii ina mabonge. Anasema akiwa amesimama mbele ya foleni nzima, na akimaliza anachukua gunia lake tupu na kwenda.

Simu hajampigia tena. Mara nyingine, mvua ikiwa imewazuia wote chini ya paa la kibanda, Janeffer anamwona akimtazama kama mwenye neno la kumwambia, naye anajisogeza karibu kidogo. Omosa anageuza uso, anatazama nje, anasema mvua hii haitakata sasa hivi.

"Haitakata," Janeffer anamjibu.