Asipewe Maji

Risasi iliyompata Warfa haikuwa yake, na hilo ndilo lililowatia watu uchungu zaidi. Alfajiri hiyo ya mwaka wa sitini na sita, nje kidogo ya Habaswein, askari na mashifta, watu wa porini, walirushiana risasi, hawa upande huu wa barabara, wale upande ule, na katikati yao, kwa bahati yake mbaya, alikuwa Warfa na mbuzi wake. Mbuzi walipona wote, maana walitimua mbio mara moja. Warfa ndiye aliyerudi nyuma kumbeba mwana-mbuzi mmoja aliyebaki, na risasi ikamwingia ubavuni, ikatokea upande wa pili wa tumbo.

Wanaume wanne wakamleta zahanati juu ya mkeka, mbio mbio. Nyuma yao alikuja mama yake, Maka, kiatu mguu mmoja, mguu wa pili mtupu.

Sasa sikia ubaya wa jambo lenyewe. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati ile, alikuwa Dagane, na Dagane hakuwa mtu baki. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Maka, mdogo wa marehemu, wakati huo alikuwa na Warfa mchanga mapajani. Akamchukua na huyu yatima, titi hili la Warfa, titi lile la Dagane. Wakakua pamoja, wakachapwa pamoja, na hata leo Dagane alimwita Maka habaryar, mama mdogo, lakini moyoni hakuwa na mama mwingine. Maka huyo basi ndiye aliyesimama mlangoni akiiangalia mikono ya Dagane.

"Hooyo," alisema Maka, kwa maana kina mama wa huko humwita mtoto kwa jina lile lile analowaitia, mama. "Mwangalie ndugu yako."

Dagane alifanya kama alivyofundishwa Garissa: kulia baadaye, kukagua kwanza. Akaweka sikio kifuani. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka pande zote mbili, bila povu, bila mluzi. "Mapafu yamesalimika," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Maka.

Akashika mshipa wa mkono. Ulikwenda mbio, mwembamba, lakini haukukatika. "Moyo unafanya kazi."

"Alhamdulillahi."

Akamwambia achezeshe vidole vya miguu. Vikacheza, kimoja kimoja. Uti wa mgongo haukuguswa. Akamkingia kopo, akaupeleka mkojo dirishani kwenye mwanga. Ulikuwa wa manjano iliyokolea, lakini damu haukuwa nayo. Figo nzima, kibofu kizima. Kila mara Maka alimshukuru Mungu, na sauti yake ikaanza kupata nguvu, hata Dagane mwenyewe akaanza kupumua. Halafu akaweka kiganja juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na Warfa akapiga ukelele uliosikika hadi dukani.

Maka akangoja, akangoja, neno la kushukuru likabaki mdomoni.

"Utumbo," Dagane alisema mwishowe. "Umetoboka."

Akamfunga vidonda, akamdunga penisilini. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya, kwa sababu kulishona tumbo ni kazi ya daktari wa Garissa, na kwenda Garissa ni kwa msafara wa malori yanayotoka Wajir yakisindikizwa na askari. Msafara ungepita alasiri. Jua lilikuwa bado halijafika hata utosini, na bati la zahanati lilishaanza kulia kwa joto.

Hapo ndipo Warfa alipofumbua macho. "Maji," alisema.

Maka alikwisha kuinuka. Pembeni palikuwa na debe la maji yaliyochemshwa, na kikombe cha bati juu yake. Dagane akamshika mkono.

"Hapana, habaryar. Asipewe maji."

Maka alimtazama kana kwamba amemtukana. "Unasema nini wewe?"

"Maji yatamuua."

"Maji? Yamuue mtu? Hapa?"

Mlangoni alikuwa mzee Bulle, ndugu wa marehemu mumewe Maka, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo. "Wallahi haya sijapata kuyasikia!" alifoka. "Mbuzi wa kuchinjwa hupewa maji kabla ya kisu. Mbuzi! Na huyu mtoto wa Kiislamu anyimwe? Hayo ndiyo uliyokwenda kusomea?"

Usimcheke Bulle. Katika nchi ile, mtu aliyemnyima mwenzake maji hasahauliki. Wajukuu zake wataonyeshwa kwa kidole. Dagane alilijua hilo kuliko anavyolijua jina lake.

"Habaryar," alisema polepole, "umesafisha matumbo ya mbuzi maisha yako yote. Kisu kikiteleza wakati wa kupasua, utumbo ukatoboka, inakuwaje?"

Maka alilitazama debe.

"Uchafu unamwagika ndani. Nyama yote inaharibika. Ndiyo hivyo hivyo. Njia ya chakula ina tundu. Maji akinywa hayatafika kwenye damu inayoyataka. Yatapita kwenye tundu na kuusukuma uchafu uenee tumboni. Kiu anayo kwa sababu damu imepungua. Dawa yake ni maji ya kutiwa kwenye mshipa, na chupa yangu ya mwisho nilimtilia yule mama wa Sangailu juzi. Ziko Garissa."

"Najua utumbo," alisema Maka. "Usinifundishe utumbo. Lakini huyu si mbuzi, ni mwanangu, na ananiomba maji." Kisha akalia, waziwazi, bila kujifunika uso.

Dagane akachovya kitambaa, akakikamua, akampangusa Warfa midomo. Warfa alikibana kile kitambaa kwa meno akikinyonya, ikabidi Dagane akivute kwa nguvu. Hapana adhabu kama ile. Saa moja ikapita hivyo, na nyingine, Warfa akiomba kwa jina la Mungu, kwa jina la baba yake, kisha kwa jina la titi walilonyonya wote wawili. "Dagane, nimekukosea nini?" aliuliza. Dagane akageukia ukuta.

Ndipo koplo wa kituo cha askari alipoita kutoka nje. "Dresa! Njoo kituoni. Sasa hivi."

Koplo alikuwa mtu wa bara, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Yeye ndiye aliyeamua nani apande malori na nani asipande, na bila ruhusa yake Warfa angefia pale mezani. Kukataa wito hakuwezekani. Dagane akalitazama lile debe. Wazo likamjia alibebe aende nalo. Lakini afanye hivyo mbele ya Bulle? Amwambie mwanamke aliyemnyonyesha kwamba hamwamini na kikombe cha maji? Aibu ikamshinda.

"Habaryar, nakusihi. Hata tone."

Macho ya Maka yalikuwa kwenye midomo ya mwanawe.

Kituoni koplo alimweka chini ya mti wa mgunga. "Huyo mtu wako ni shifta?"

"Ni mchunga mbuzi, afande."

"Siku ya kupigwa risasi wote huwa wachunga mbuzi."

"Alikuwa amebeba mwana-mbuzi, afande. Damu yake iko kwenye manyoya. Muulize yeyote aliyemwokota."

"Mimi nakuuliza wewe. Wewe umemwona ndani."

"Ndani nimeona utumbo," alisema Dagane, na hasira ikamponyoka. "Utumbo wa shifta na wa askari ni mmoja, afande. Ukiletwa wewe hapa, nitakufunga vile vile."

Lo! Mtu amepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Koplo alimkazia macho, kisha akaingia ndani kuzungumza na Wajir kwa simu ya upepo, na mashine ikakoroma, ikakata, ikakoroma tena. Dagane alibaki pale juani, kivuli cha mgunga kikimkimbia, akihesabu yaliyokuwa yakitendeka kule zahanati. Aliona kila kitu: Warfa anaomba, Bulle anafoka, Maka anainuka. Ni hatua chache tu kutoka mezani hadi kwenye debe. Mama gani angeshinda hapo? Yeye mwenyewe, akisema kweli, asingeshinda.

Hatimaye vumbi likaonekana upande wa Wajir. Koplo akatoka. "Rage, dereva wa lori la mwisho, atamchukua," alisema. "Mama yake abaki. Nafasi ni moja." Dagane hakungoja hata kushukuru.

Alipofika mlangoni akasimama. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa chapachapa. Debe lilikuwa limelala ubavu, tupu. Maka alikaa chini karibu na meza na kile kikombe mkononi, tupu nacho, na kidevu cha Warfa kilikuwa kimelowa.

"Umempa!" Dagane alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia kelele katika uhai wake. "Umemuua! Nimekwambia nini? Umemuua kwa mkono wako!"

Maka aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Sikumpa," alisema.

"Na maji yako wapi?"

"Nimeyamwaga." Alionyesha sakafu. "Nilimpangusa na kitambaa kama ulivyofanya. Bulle nikamfukuza. Lakini kila akiniomba, mkono ulikwenda wenyewe. Mara ya kwanza nikaurudisha. Ya pili kikombe kilishafika mdomoni mwake, nikajua ya tatu sitauweza. Nikayamwaga yote, hooyo. Mungu anisamehe."

Visima vilifunguliwa asubuhi tu, chini ya ulinzi, na mpaka kesho yake pasingepatikana tone jingine. Katika maisha yake Dagane hakuwahi kumwona Maka akimwaga maji. Hata ya kuoshea mikono aliwanywesha kuku. Alitaka kumwomba radhi, lakini malori yalikuwa yanapiga honi. Wakambeba Warfa, wakamlaza juu ya magunia matupu nyuma ya lori la Rage, na Dagane akampa Rage maagizo yale yale: asipewe maji, hata akikuapia nini.

Vumbi lilipotua, koplo alimtazama Maka pale barabarani, akavua chupa yake ya maji kiunoni, akamnyooshea. Maka akatikisa kichwa.

"Akinywa yeye, ndipo nitakunywa," alisema.

Na hakunywa. Siku zilizofuata aliishi kwa maziwa ya ngamia, kama wanavyoishi wachungaji malishoni, lakini maji hakuyatia mdomoni. Kila jioni Dagane alikwenda kwake, akakaa, na lile neno la radhi likakataa kutoka. Maka naye hakumuuliza. Walikaa wakiitazama barabara ya Garissa, ambayo haikuleta kitu.

Kisha msafara ukarudi. Rage akashuka kwenye lori mlangoni pa Maka, akanyoosha mgongo wake pole pole kama mtu asiye na haraka na dunia, Maka akimtazama bila kuthubutu kuuliza.

"Kwanza, mama," alisema Rage, "mwanao ana mdomo mchafu. Wamemshona, wamemtia maji ya mshipani, na juzi daktari akamruhusu anywe. Wakampa maji ya mto Tana. Akayaonja, akayatema! Akasema haya ni tope, yeye anataka ya kisima cha kwao."

Maka alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalimtikisika, na kwa muda watu hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Hooyo," alimwambia Dagane alipotulia, "niletee maji."

Dagane akaingia ndani, akachota kwenye debe, akamletea kikombe kwa mikono miwili. Machozi yakamziba macho, na nusu ya maji ikamwagika mchangani kabla hajafika.

"Wee! Taratibu," alisema Maka, akikipokea kikombe. "Maji hayamwagwi ovyo."