Mguu wa Evert

Evert Hedlund hakuwa bahili wa kila kitu. Kwa kahawa na keki alikaribisha mpaka mgeni aombe radhi. Ila kwenye petroli alikuwa mkono wa birika hasa, akiitoa tone kwa tone kama dawa ya macho.

Asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote alichomoa ukutani waya wa umeme uliokuwa ukipasha injini moto, maana injini yenye baridi hunywa mafuta, akauviringisha kiwikoni, akamfungulia binti yake mlango. Solveig alikuwa ametoka Karlstad na mishumaa ya kaburi la mama yake, pamoja na jambo jingine ambalo hakulitaja. Kaka yake alikuwa amemtuma: panda gari na mzee, mtazame anavyoendesha, kisha tuamue kama tumwombe daktari amwondolee leseni. Kijijini hapo basi lilikwisha kuacha kupita. Kumnyima Evert gari ni kumfungia ndani, na kazi hiyo Solveig aliichukia kweli.

Waliondoka taratibu. Mzee alipandisha gia mapema, injini ikinong'ona. Kwenye sanduku jekundu la barua aliondoa mguu kwenye mafuta, gia ikiwa ndani, gari likateremka lenyewe mpaka kwenye kona bila breki kuguswa. Ndivyo alivyoendesha tangu Solveig akiwa mtoto, wakati yeye na kaka yake walipojilaza kwenye viti vya nyuma kwa aibu, na msururu wa magari ukiwafuata.

"Baba, konokono huyo anataka kutupita."

"Mpishe, mwanangu. Ana haraka ya kwenda kujaza mafuta."

Solveig alicheka, na moyo ukatulia. Mzee yupo vilevile, alijisemea. Nitamwambia kaka atuache.

Walipolifikia ghala la zamani la maziwa, Evert aliondoa tena mguu.

"Nyekundu hiyo," alisema. "Tuserereke tu. Mpaka tufike itakuwa kijani."

Solveig alitazama mbele. Taa hazikuwapo. Zilikuwa zimeng'olewa kiangazi kile, na mahali pake pamejengwa kipilefti, na ndani yake lori la magogo lilikuwa likizunguka kuja upande wao.

"Baba, simama! Simama!"

Evert alikanyaga breki kwa nguvu ambayo Solveig hakuwahi kuiona mguuni mwake. Mishumaa ikamwagika sakafuni. Lori likapita likipiga honi ndefu. Mzee alisogeza gari pembeni, na hata hapo alizima injini ili isichome mafuta bure.

"Unaona nini pale mbele?" Solveig aliuliza.

"Ukungu."

"Leo hakuna ukungu, Baba."

"Kwangu upo tangu mwaka jana." Alifuta usukani kwa kiganja. "Barabara naijua kwa mguu. Najua pa kuuondoa, kwa hiyo kila mahali nafika polepole. Ukienda polepole watu husema, huyo mzee bahili. Hakuna anayesema kipofu."

Solveig alilia, kwa hofu ya lile lori na kwa uchungu wa kuwa alikuwa karibu kumsifu kwa kaka yake. Evert alimwacha alie. Kisha akachomoa ufunguo, akautia mkononi mwa binti yake, akashuka na kulizunguka gari huku akilipapasa bodi.

Solveig aliondoa gari kwa pupa, injini ikanguruma.

"Gia," mzee alisema kwa upole. "Hili si trekta."

Baada ya msitu wa misonobari alisema tena, "Sasa ondoa mguu."

"Mbona mbele hakuna kitu?"

"Ondoa tu."

Aliondoa. Gari liliteremka lenyewe, likapita kanisa, likapunguza mwendo kidogo kidogo, likaja kusimama mbele ya lango la makaburi. Hakuwa amegusa breki.

Solveig alizima injini.

"Nitakuja kila Jumamosi nikuendeshe," Solveig alisema.

Evert aligeuza uso kumfuata alipo, macho yakitua begani pake.

"Kutoka Karlstad, na mguu huo wako? Mafuta yote hayo?"

"Ndiyo maana utakuwa unakaa hapo, unifundishe."

Mzee aliinama akaanza kuokota mishumaa sakafuni, akiipapasa mmoja mmoja.

"Basi Jumamosi ijayo," alisema, "usisahau kuipasha injini kwanza."