Maprofesa Waliozunguka Bufee Diani

Mwaka tisini na nane watalii walikuwa wameadimika Diani, na meneja Absalom alikuwa keshamwambia Sanga waziwazi: wageni wasipocheza mchana huu, abebe ngoma zake arudi nazo kwao, hoteli itanunua kaseti.

Na wageni wenyewe, Mungu atustiri, walikuwa maprofesa wa fizikia. Asubuhi nzima Profesa Teresa aliwaeleza wenziwe habari za elektroni zilizobanwa kwenye utando mwembamba ndani ya semikondakta. Kupanda haziwezi, kushuka haziwezi. Sumaku huzizungusha tu. Zikipigwa na wimbi lisilolingana na mzunguko wake, hazijali. Likilingana, hulinywa, mbio zikazidi na duara likapanuka, lakini kila mzunguko huchukua muda uleule. Sanga, aliyekuwa akipanga viti nyuma, hakuona jipya. Sengenya, ngoma ya kwao, hupigwa hivyo hivyo: unautazama mguu wa mtu kwanza, ndipo unapoigusa ngoma.

Wakati wa chakula maprofesa waliizunguka meza ya bufee, sahani mkononi, wote upande mmoja. Sanga alipiga ngoma, hakugeuka hata mmoja. Basi akawatazama wanavyozunguka, akaulinganisha mdundo.

Lahaula! Sahani zilianguka. Duara liliiacha meza, likajaa ukumbi, likatoka nje na kulizunguka bwawa la kuogelea, maprofesa wakitimua mbio bila hata tabasamu. Palipokuwa na ngazi hawakuinua mguu, waliambaa nayo. Absalom aliruka katikati kuwazuia, akazolewa yeye na tai yake.

"Sanga, acha!" alipiga kelele akipita.

"Na kazi yangu, bwana?"

Jibu lilikuja mzunguko uliofuata. "Ni yako!"

"Apa!"

"Wallahi!" alisema Absalom, mzee wa kanisa kutoka Kakamega.

Sanga aliacha, lakini wao waliendelea kwa nguvu walizokwisha kuzinywa. Ikambidi awapigie kinyume cha hatua zao. Moyo ulimuuma; hajapata kuupotosha mdundo mbele za watu tangu azaliwe. Duara likapungua, likapungua, likarudi ukumbini kwenye meza ya bufee, mpaka wakaketi.

Sanga alisogea akitabasamu, akingoja ahsante. Absalom, chali kando ya bakuli la saladi, aliinua kichwa.

"Sanga, hiyo ya mwisho ulikuwa unapiga nini? Mtu hata mdundo hujui! Kesho usije."