Akina Papa Noëlla

Komeo la mlango liligonga gizani, kidogo tu. Falone hakukurupuka, alijua ni upepo wa ziwa. Tangu boti iliyombeba mume wake kwenda Moba izame, alikuwa analala mlango wazi. Mwenye boti alisema abiria walikuwa wachache, na wengi waliogelea hadi nchi kavu. Basi huenda yuko Kirungu, huko juu ya Moba, mzima, ila simu imeingia maji.

Kulipopambazuka alimshika mtoto wao Noëlla mkono, wakaenda kwenye kibanda cha mizimu, pale mawe yanapoingia ziwani. Desturi ya pale ni ya zamani kuliko reli. Unavua viatu, unanawa mikono na kusukutua kinywa, unamwaga unga mweupe mlangoni, unachuchumaa na kupiga makofi polepole, kisha unaita. Aliyechukuliwa na ziwa hutoka. Kama hayumo, maji hutulia tu, nawe unarudi nyumbani ukiimba.

Falone alikuja ili aone maji yametulia.

Mama Francine, mlinzi wa kibanda, alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza hapo kando.

"Ita kwa nguvu, mama. Wako na maji masikioni."

Falone alipiga makofi. Mke mwenye adabu hatamki jina la mume wake, hata mizimuni. Akaita kwa jina la mtoto, kama alivyozoea nyumbani:

"Papa Noëlla!"

Maji yakafunguka. Wanaume wakatoka mmoja mmoja, wengine na mizigo begani, wakikamua mashati.

"Noëlla wangu alipita darasa?" aliuliza wa kwanza.

"Na wangu, ameota meno?"

Wakajaa juu ya mawe. Waliokosa nafasi wakabaki majini hadi kiunoni.

"Na weye, mama!" alisema Mama Francine, akigeuza mandazi. "Si ungemwita jina lake? Kalemie hii kila Noeli tunazaa Noëlla. Sasa nitawalisha na nini wote hawa?"

Nyuma yao ilipita boti nyingine ya mwenye boti yuleyule, inaelekea Moba. Mifuko ya saruji ilipandana, watu wameketi juu ya mifuko, maji yanalamba ukingo. Wale wanaume waligeuka kuitazama, kisha wakasogea kidogo, kama watu kwenye benchi wanaowaachia wengine nafasi.

Falone alipita katikati yao, uso kwa uso, akiomba radhi. Huyu siye. Huyu pia siye. Moyo ukaanza kumtua.

Noëlla alimvuta kitenge, akamnyooshea kidole mmoja aliyebaki majini.

"Mama, papa njo ule wa nyuma."